Lenzi Waliyoisugua: Maisha ya Lazarus Were, Mpiga Picha wa Shieywe

Familia ya marehemu Lazarus Were inawashukuru wote waliofika hapa Mayoni leo, Jumamosi tarehe 17 Agosti 1996. Wazee wa ukoo walimwomba binti yake wa kwanza, Selpher, anayesoma wasifu huu, auandike kwa maneno laini. Ameuandika kwa maneno ya mama yake, Phoebe, na wiki hii mama yake hana maneno laini. Atakayeudhika avumilie, kama mjane alivyovumilia.

Lazarus alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika boma hili hili, kifungua mimba wa mzee Willis na mama Selpher, wote marehemu. Mdogo wake, George, alizaliwa miaka kumi na miwili baadaye, na Lazarus ndiye aliyembeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani. Jambo hili liandikwe, kwa sababu leo wapo watakaonong'ona kwamba ndugu hawa wawili hawakupendana. Lazarus alimpenda George mpaka siku ya mwisho. Ndiyo maana hasira iliyopo ni kubwa hivi.

Alisoma shule ya misheni hapa jirani mpaka darasa la nane, akamaliza mwaka 1954. Baba yao alifariki mwaka huo huo, na masomo yakaishia hapo. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa kutazama zaidi kuliko kusema, na walimu walimchapa mara nyingi kwa kutazama dirishani.

Mwaka 1956 aliingia mjini Kakamega na kuajiriwa katika studio ya Bwana Ramji, kwanza kufagia, baadaye kuosha picha katika chumba cha giza, mwishowe kupiga. Bwana Ramji alipofunga duka na kuhamia ng'ambo mwaka 1968, alimwachia kamera ndogo ya Kijerumani yenye lenzi iliyotengenezwa kabla ya vita vya Hitler. Kuanzia hapo, ukisema Lazarus unasema kamera ile. Alifungua studio yake Shieywe, chumba kimoja chenye dirisha kubwa upande wa mashariki, na humo ndimo nusu ya watu wanaosikiliza wasifu huu walimopigiwa picha zao za harusi.

Kamera ile haikuwa ya mtu mwenye haraka. Ukichungulia kwenye kidirisha chake uliona sura mbili za mtu mmoja, moja imekolea na nyingine imepauka, na ilikubidi uzisogeze mpaka ziwe moja ndipo ubonyeze. Chini ya lenzi kulikuwa na kijiti kifupi cha kuzisogezea, chenye shimo la kukaa ncha ya kidole. Kidole cha Lazarus kilikijua kijiti kile kiasi kwamba alikuwa ameshalenga kabla kamera haijafika jichoni. Lenzi yenyewe ilikuwa ya kulala: kazi ikiisha unaisukuma ndani ya kamera, na ukitaka kupiga unaivuta nje, unaizungusha kidogo mpaka ishike. Usipoivuta, kidirisha kitakudanganya kwamba kila kitu kiko sawa, nawe utapiga uji mtupu, picha isiyo na sura ya mtu.

Na ndani ya lenzi ile mlikuwa na ukungu mwembamba wa uzee. Wateja wengine waliucheka. Wale vijana wa studio za rangi walimwambia anapigia watu picha kupitia moshi wa jikoni. Hawakujua walichokuwa wakikiona. Katikati picha ilikuwa kali, ungeweza kuona kope moja moja. Kuelekea pembeni ililegea taratibu. Mwanga wa dirishani ulimzunguka mtu badala ya kumkata. Shati jeupe lilitoa mng'ao mdogo, na kivuli hakikuwa cheusi cha kuziba, bado uliona shavu ndani yake. Mwanamke aliyelia usiku kucha alitoka kwenye picha ya Lazarus akiwa amelia, lakini hakuaibishwa. Mtu akimwambia lenzi imezeeka, alijibu kwamba hata yeye amezeeka na bado anakula obusuma, ugali wa kwao.

Kwa hiyo aliitwa kwenye matanga kuliko mpiga picha yeyote, kutoka Lurambi mpaka Lugari. Kila mtu hapa anaijua desturi: kabla jeneza halijafunikwa, jamaa huitwa kwa makundi, wakwe, watoto, wajukuu, wasimame kando yake wapigwe picha. Lazarus hakuwahi kuifanya kazi hiyo kwa flashi. Alisema flashi humzaba kofi marehemu na waliofiwa kwa pamoja. Mama mmoja wa Lugari, Chepkirui, aliyemzika mumewe mwaka 1981, alitembea mpaka Shieywe kumwambia kwamba ile ndiyo picha pekee ya msiba anayoweza kuitundika ukutani.

Alimwoa Phoebe Ayuma wa Lurambi tarehe 12 Desemba 1964. Walikutana kwa Bwana Ramji, Phoebe alipokuja kupiga picha na dada zake akawa kila mara anaisogelea kamera. Lazarus alimwambia arudi nyuma, lenzi haioni vizuri chini ya hatua moja, na mwenye kutaka kutazamwa karibu zaidi ya hapo itabidi aolewe. Phoebe alimjibu mbele ya dada zake kwamba basi apeleke wazee kwao, asiendelee kupoteza filamu ya Mhindi. Wazee walipelekwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, na Phoebe alifanya kazi studioni bega kwa bega na mumewe. Alijua kuosha, kuchapisha na kupiga. Hili nalo liandikwe, kwa kuwa wiki hii limesahauliwa na watu wengi wenye akili timamu.

Mwaka 1993 Lazarus alipatikana na kisukari. Kilianza na miguu, kikapanda machoni. Mwaka jana hakuweza tena kuziona zile sura mbili kwenye kidirisha, ila kidole chake kiliendelea kulenga, na picha zilitoka. Mwaka huu kidole nacho kilichoka. Jumapili tarehe 4 Agosti aliomba akalishwe karibu na dirisha la studio, akamwambia Phoebe ampige. Picha hiyo ndiyo iliyo mbele ya kijitabu hiki. Itazameni vizuri. Jicho moja kali, sikio limelegea, nywele nyeupe zina mng'ao, na mzee anatabasamu kwa sababu mkewe anamfokea ainue kidevu.

Siku hiyo hiyo, mbele ya mchungaji na mbele ya George mwenyewe, alitoa neno lake. Siku ya mazishi picha ya familia ipigwe na Phoebe, na ipigwe kwa lenzi ile. Mchungaji aliuliza mjane atawezaje kuinuka na kushika kamera wakati nafasi yake ni kukaa kando ya jeneza. Lazarus alisema, "Amekaa nyuma yangu miaka thelathini. Siku moja asimame mbele yangu." Wazee wa ukoo walibishana juu ya neno hilo, mwishowe wakakubali. Phoebe akajua kwamba kuna jambo moja bado atamfanyia mumewe, na likamshikilia asianguke.

Lazarus alifariki nyumbani Shieywe alfajiri ya Ijumaa tarehe 9 Agosti 1996.

Kesho yake, Jumamosi, mwili ukiwa mochari, George, ambaye naye ni mpiga picha, aliingia studioni akachukua kamera. Ukoo huu haugusi vitu vya marehemu, hata kofia, mpaka siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya mazishi, ndipo vigawanywe mbele ya watu wote. George anaijua desturi hiyo. Mwaka 1989 alimkemea binamu yake hadharani kwa kuchukua jembe la baba yake. Lakini alisema anamsaidia shemeji. Akawapiga picha waombolezaji waliokuwa wakiwasili, akaimaliza filamu iliyokuwemo, Jumatatu akaiosha kwenye studio yake ya mjini. Picha zake zote zilikuwa uji.

Je, alimuuliza mjane? Hakuuliza. Je, alijiuliza mwenyewe? Hata hilo. Aliamua kwamba ni ule ukungu. Jumanne akaipeleka lenzi kwa fundi wa saa, yule fundi akaifungua na kuisugua kwa kitambaa na dawa ya meno mpaka ikametameta, na Jumatano George akaileta Shieywe kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi.

Phoebe hakuitazama lenzi kwanza. Aliomba filamu, akainyoosha kwenye dirisha. Mwanzoni mwa ukanda alimwona Lazarus, safi kabisa, mpaka kope. Baada yake zikafuata picha za George, uji baada ya uji. Filamu ni ile ile. Lenzi ni ile ile, na ukungu wake ule ule.

"Uliivuta?" Phoebe aliuliza.

"Kuvuta nini, shemeji?"

Hapo Phoebe alikaa chini. Mtu aliyekua miguuni mwa Lazarus, aliyefunzwa kazi na Lazarus, mwenye studio yenye jina lake mlangoni, alipiga filamu nzima lenzi ikiwa imelala ndani ya kamera. Ushahidi aliuning'iniza ukauke kwa mikono yake mwenyewe, sura ya kaka yake iko pale juu inamtazama, na bado akaenda kumtafuta fundi wa saa.

Jioni hiyo Phoebe aliweka filamu mpya, akaivuta lenzi, akazileta sura mbili pamoja, akampiga mjukuu wake Ashley kwenye kiti kile kile karibu na dirisha. Picha ilitoka nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Kioo kimejaa mikwaruzo, mwanga unatawanyika kila upande, mtoto hana macho. Hakuna fundi wa kulirudisha hilo, wala Nairobi, wala kwingineko. Kilichokuwa ndani ya lenzi ile kiliingia chenyewe kwa miaka sitini, na kilitolewa kwa asubuhi moja.

Alhamisi wazee waliketi. Walimwambia Phoebe asamehe kabla ya mazishi ili marehemu aondoke vizuri. Mmoja wao alisema, "Hiyo ni kioo tu, mama. Kioo inanunuliwanga." Phoebe alimjibu kwamba harusi ya mzee huyo, mazishi ya mama yake na ubatizo wa watoto wake wote viko ukutani kwake kwa sababu ya kioo hicho, na kama ni kioo tu, akaviteremshe. Kikao kikafungwa kwa sala. George alilia. Phoebe aliyaona machozi yake na hayakumsogeza. Mtu anaweza kulia kwa kweli na bado awe amemnyang'anya mwenzake kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha kufanya.

Sasa kuhusu leo. Baada ya ibada jamaa wataitwa kwa makundi, kama ilivyo desturi. George amekuja na kamera yake ya rangi na flashi yake, na amesema atapiga bure, kwa heshima ya kaka yake. Anayetaka kusimama mbele yake asimame, hakuna atakayezuiwa. Phoebe na watoto wake hawatasimama. Watakaa mahali walipo, na watakapoiona flashi ikiinuliwa wataweka viganja vyao juu ya uso wa Lazarus, mpaka George aiweke chini.

Marehemu ameacha mjane, Phoebe Ayuma, watoto Selpher, Willis na Jescah, wajukuu watano, na mdogo wake, George. Wapo walioshauri jina la George liachwe nje ya kijitabu hiki. Mjane alikataa. Alisema aandikwe kwa kuwa ni ndugu, na asomwe kwa sauti kwa kuwa ni ndugu aliyefanya hivi.

Lazarus Were apumzike kwa amani. Mke wake bado.