Nukta ya Saba Kwenye Ramani ya Mzee Kokoto

Ndugu zetu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, ninayewasomea ni binti yake wa kwanza, na karatasi hii imepita mikononi mwa mama kabla ya kufika hapa, kwa hiyo mtakaposikia mahali pamekatwa, mjue ni kalamu yake.

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kokoto, alizaliwa tarehe 2 Machi 1953 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha sekondari hadi 1971, na kote huko alijulikana kwa kuchelewa, kwa sababu njia ya shule ilivuka kijito, na baba hakuwahi kuvuka kijito bila kuinama.

Tarehe 5 Mei 1975 aliajiriwa katika jumba la makumbusho, chumba cha wadudu, ghorofa ya chini, mlango wa tatu baada ya choo, akakaa humo miaka thelathini na minane. Kazi yake kubwa ilikuwa mbawakawa mmoja wa kandokando ya vijito, ambaye kabla yake hakuna aliyekuwa amemwelezea kitaalamu, mweusi, asiyezidi milimita tano, mwenye macho makubwa yaliyotokeza pembeni mwa kichwa, vipapasio vya pingili kumi na moja, na mabawa magumu ya juu mafupi kama kizibao, yanayoliacha tumbo nje. Ili kumpata, baba alimwagia maji kokoto za ukingoni, akapiga magoti na kungoja watoke mbio, na hivyo ndivyo suruali zake zote zilivyoisha.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mama, karani wa posta mwenye mwandiko mdogo uliosimama wima, na tangu wiki ya pili ya ndoa ndiye aliyeandika lebo zote, vipande vya karatasi kama ukucha vinavyochomwa kwenye pini chini ya kila mdudu, vikionyesha tarehe na mahali alipookotwa. Baba alitaja, mama akaandika. Walijaliwa watoto watatu, na hapa mniruhusu nikae kidogo kwa yule wa kwanza.

Nilizaliwa Jumanne tarehe 16 Juni 1981, saa saba mchana, na baba akafika wodi ya wazazi saa kumi na moja jioni, akisema basi liliharibika njiani. Akiwa kwenye benchi la barazani alimwona mbawakawa wake akitembea sakafuni, jike wa kwanza kupatikana, akamtia kwenye kichupa ambacho hakikukosa mfukoni mwake, na wiki iliyofuata akamtajia mama mahali: mtaro wa hospitali. Jike huyo ndiye aliyekamilisha maelezo yaliyochapishwa mwaka 1984, na katika ramani ya mahali anapoishi mdudu huyo, nukta sita zilikuwa vijito vya mlimani, ya saba ikawa mtaro. Wanafunzi wake walikwenda kuumwagia maji mtaro ule mwaka baada ya mwaka, wauguzi wakiwashangaa, na hawakuambulia kitu.

Baba alianza kuugua ini Februari mwaka huu, akalazwa tarehe 4 Septemba katika hospitali ile ile. Tarehe 9, bila kumtazama mama usoni, alimwambia kwamba basi halikuharibika, kwamba alipoletewa habari za uchungu alipitia kijitoni kwa dakika kumi, dakika zikawa saa tatu, na jike yule alisafiri kwenye pindo la suruali yake. Hakutaka kufa akiacha uongo kwenye ramani, lakini ili kuufuta ilikuwa lazima amuumize mama, na hilo ndilo lililomfunga mdomo miaka arobaini na miwili. Mama akamwambia, "Baba watoto, suruali ile niliifua mimi. Kokoto tele pindoni. Na mtaro wenyewe maji ya sabuni matupu, mdudu gani akae humo? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe." Kisha akaomba miwani na kalamu, akaandika lebo mpya, nayo ikachomwa chini ya ile ya zamani, kwa sababu katika kazi yao lebo ya zamani haitupwi.

Alifariki Alhamisi tarehe 21 Septemba 2023, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Hapa nilikuwa nimeandika kwamba alizungukwa na familia yake yote, mama akaikata sentensi hiyo, na pembeni akaandika: "Sema ulikokuwa." Nilikuwa njiani nikitoka kijitoni, maana baba alisema angependa kumwona mbawakawa wake mmoja akitembea, nami nilidhani ni dakika kumi tu. Niliingia wodini saa tatu na nusu, kichupa mkononi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani mliotuletea chakula na viti, na wenzake wa makumbusho mliomletea mama sanduku la kioo hadi nyumbani ili aione lebo yake mahali pake.

Baba, ulichelewa kuja kwangu, nami nikachelewa kuja kwako, sote wawili tukiwa na matope magotini, na mama ametuandika kama ilivyokuwa. Pumzika sasa, kwa amani yote, yule wa kwenye kichupa nimemrudisha jana kijitoni.