Mashine Mpya na Shangazi Anayetusomea: Risala ya Chumba cha Pasi

Mgeni rasmi, Daktari na Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu;
Bwana Msimamizi wa Idara ya Ufuaji;
Matroni, ambaye viatu vyake vipya tumeviona;
wauguzi, wagonjwa mnaochungulia dirishani, na ninyi nyote mliobanana kati ya masinki:

UKARIBISHO

Sisi wafanyakazi wa Chumba cha Pasi tunakukaribisha kwa mikono miwili, ambayo leo ni mikavu kwa heshima yako. Meza ya kukunjia tumeitandika shuka jipya kabisa. Hilo unaloliona upande wako si doa, ni kivuli cha bomba. Usilisugue.

Daktari, wewe si mgeni kwetu. Ulipoanza kazi hapa ukiwa kijana, koti lako lilikuwa na namba kumi na nne shingoni. Wagonjwa walikufahamu kwa sindano, sisi tulikufahamu kwa mifuko. Tulitoa humo karatasi za peremende, vifuniko vya kalamu, na siku moja tukatoa nusu ya barua iliyoanza na "Mpenzi wangu" ikaishia hapo. Tuliingoja nusu ya pili wiki nzima. Leo tunamwona mama ameketi kando yako ametulia, kwa hiyo tunaamini barua ilimalizika, na ilikwenda kwake.

Umekuja kuzindua mashine ya kunyooshea mashuka. Tunaishukuru Bodi kwa moyo wote. Lakini tuna jambo letu, nalo linamhusu mtu mmoja, yule mama wa mstari wa pili mwenye kilemba cha buluu. Tunaogopa mashine hii itamtoa hapa. Kwa haki yeye ndiye angesoma risala hii, maana ndiye mwenye sauti. Hatukumpa, na yaliyomo hayajui. Shangazi, kaa tu. Usiinuke.

HISTORIA YETU

Shangazi ni mpiga pasi. Sote tunamwita hivyo, hata Bwana Msimamizi anayemzidi umri. Miaka saba iliyopita, watoto wake wote wakiwa wameshaondoka na nyumba imebaki na mwangwi, alijiandikisha kusoma kwa njia ya posta. Kozi iliitwa Fasihi ya Kisasa ya Magharibi: Kutoka Zama za Mwangaza, Kupitia Ulimbwende, Hadi Uhalisia. Tulipoliona jina hilo kwenye bahasha tulidhani ni dawa ya ngozi.

Alikuwa akisoma saa ya chai, amejibanza nyuma ya tangi, midomo inachezacheza. Sisi ni watu tusioweza kumwona mtu anacheka peke yake bila kuuliza nani kafanya nini.

"Shangazi, huyo kafanyaje?"

"Kamwambia mfalme hamzidi mkulima akili."

"Eh! Na mfalme kajibuje?"

"Bado sijafika."

"Basi soma kwa sauti, unatuchelewesha."

Ndivyo tulivyoanza. Mwaka uliofuata kifuniko cha pasi kubwa ya mvuke kilimwangukia mkono wa kulia. Hospitali hii ilimtibu vizuri, hatuna lawama. Aliporudi, vidole vitatu vilikuwa havikunjiki. Alijaribu kushika pasi siku mbili. Siku ya tatu akaiweka chini, akatutazama, akauliza, "Sasa mimi hapa nitafanya nini?"

Fundi wa boila, ambaye kumtoa neno ni kazi kuliko kutoa doa la iodini, akasema, "Tuliishia ukurasa wa arobaini."

Tangu siku hiyo yeye anasoma, sisi tunanyoosha. Mashuka yake sitini ya kila siku tuligawana watu kumi na wawili, matano matano. Kwenye karatasi za ofisi Shangazi bado ni mpiga pasi. Daktari, kwa miaka sita hajapiga pasi hata leso. Tumeona ulisikie kwetu kabla hujalisikia kwa watu, maana watu wa hospitali hii tunawajua.

MAFANIKIO

Tulianza na Mwangaza, zama za watu waliotaka kila jambo lije na sababu yake, liwe la mfalme au la askofu. Miezi hiyo Bwana Msimamizi alipata tabu, na leo tunamwomba radhi hadharani.

"Kunjeni mara nne," anasema.

"Kwa sababu gani?"

"Ndiyo kaida."

"Kaida ya nani?"

"Ninyi mmelishwa nini huku?"

Mwisho akaleta rula mwenyewe, ili atunyamazishe. Tukapima. Ikaonekana tukikunja kwa namna nyingine, rafu ya mashuka arobaini inabeba hamsini na mawili. Alikwenda nje akakaa kidogo. Aliporudi akasema, "Haya, endeleeni na huyo mtu wenu." Swali la kwa nini chai ya ofisini ina maziwa na yetu haina liko wazi hadi leo.

Kisha tukaingia Ulimbwende. Huko moyo umeshika usukani na akili imeambiwa ikae nyuma. Watu wanapenda hadi wanaugua, wanaongea na mawingu, wanasimama juu ya majabali wakati wenzao wanatafuta pa kujikinga. Tulilia sana. Mashuka kumi na moja yaliungua katika kipindi hicho, na kwenye ripoti tuliandika "hitilafu ya pasi". Tunakiri leo kwamba pasi zilikuwa nzima.

Fundi wa boila ndiye aliyeumia kuliko wote. Alianza kusimama mvuani bila kofia. Baadaye akaanza kumwandikia barua mshona viraka wa chumba hiki. Mshona viraka huyo ndiye aliyesimama mbele yako anasoma. Aya hii kamati iliiandika nikiwa na mtoto kliniki, na imenikataza kuiruka. Barua ya kwanza ilisema macho yangu ni tufani juu ya bahari. Niliirudisha nimeandika chini yake kwamba ni mafua. Akaleta ya pili pamoja na ndimu. Basi mafanikio hayo sasa yana miezi saba na meno mawili. Fundi, acha kupunga mkono, watu wamekuona.

Lakini tusidharauliwe, sisi si wasikilizaji wa kuambiwa chochote tukameza. Kulikuwa na kijana mmoja wa Ulimbwende aliyezunguka milimani miezi mitatu, akalala kwenye majani, akapiga magoti kwenye tope, na shati lake bado jeupe. Mwenzetu wa meza ya pili akaweka pasi wima. "Samahani, Shangazi. Huyu nani anamfulia?"

Shangazi akapekua mbele, akapekua nyuma. "Hajaandikwa."

Tangu hapo kila kitabu kinaulizwa swali hilo. Tukawarudia hata wale wa Mwangaza, waliokaa sebuleni wakizungumzia usawa wa binadamu huku unga wa nywele za bandia unawadondokea kwenye kola. Nani aliifua hiyo kola? Hajaandikwa.

Halafu tukafika Uhalisia. Sura ya kwanza tu, mwanamke ameinama kwenye beseni, sabuni imemchubua vidole, na mwandishi hakupita haraka. Akasimama akasema maji yalikuwa ya baridi. Pasi zote zikawekwa wima. Kutoka kwenye masinki mtu akasema, "Haya. Kafika."

Daktari, hatuwezi kukueleza zaidi ya hapo somo hilo lilitufanyia nini.

Shangazi alifaulu na kupata cheti. Kipo ukutani nyuma yako. Mvuke umekikunja, na ndicho kitu pekee katika chumba hiki tusichothubutu kukinyoosha. Alitaka kuacha kusoma baada ya hapo, akisema kozi imekwisha. Tukamwambia kozi yake imekwisha, yetu bado.

Na hili la mwisho aulizwe Matroni. Wagonjwa wa wodi ya mifupa walikuwa wakibembelezwa kutembea, wanageukia ukutani. Siku hizi saa nne kamili wanachukua magongo yao bila kuambiwa, wanakuja hadi dirisha letu, hatua mia na kumi kwenda na mia na kumi kurudi. Mzee mmoja aliruhusiwa kwenda nyumbani akagoma. Alisema hawezi kuondoka kabla binti wa kwenye kitabu hajaolewa. Matroni alikuja hapa amekasirika, akaomba tuharakishe ile harusi. Shangazi akamjibu kwamba anasoma tu, hakuiandika yeye.

CHANGAMOTO

Wiki iliyopita mafundi waliijaribu mashine kwa dakika kumi. Inafanya kazi vizuri mno. Inaingiza shuka lenye mikunjo kama uso wa mtu aliyeamshwa na kulitoa limenyooka kama barua ya ofisi. Lakini inanguruma. Kwenye kitabu tulikuwa na mama aliyekuwa akifa kwa kifua kikuu, anamnong'oneza mwanawe maneno ya mwisho, na Shangazi ikabidi amfishe kwa kupiga kelele. Wa dirishani walisikia "mwanangu" tu. Walikwenda wodini wakibishana urithi kapewa nani.

Jumatatu ikaja fomu kutoka ofisini. Kila mfanyakazi aandikwe, na mbele yake idadi ya vipande anavyonyoosha kwa siku, ili ijulikane mashine inahitaji wangapi na wangapi wapunguzwe. Bwana Msimamizi alijaza mistari kumi na miwili. Kwenye wa kumi na tatu kalamu ikasimama. Tumemwona akiinua fomu ile, akiiweka chini, akienda kunywa maji. Mwandishi wa Mwangaza angemtafutia hoja, wa Ulimbwende angempeleka nje anyeshewe. Sisi tumeamua kuandika kilichopo.

Na kilichopo ni hiki. Vitabu vya Shangazi vilikuwa thelathini na kimoja, kwenye rafu ya juu pale, penye joto lisilo na unyevu. Tangu siku ya kujaribu mashine amekuwa akiondoka navyo vinne vinne, chini ya kanga ndani ya kikapu. Anadhani hatuoni. Shangazi, sisi tunaona kitufe kilichopungua kwenye foronya; vitabu tungeviacha? Asubuhi hii vimebaki saba. Hajamlalamikia mtu. Anatusalimia kama kawaida, anauliza mtoto kalalaje, halafu anasoma. Anasoma haraka kuliko zamani, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaitwa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, ombi la kwanza ni mashine izimwe saa moja kila siku, kuanzia saa nne hadi saa tano. Tumepiga hesabu kwa namna ya Mwangaza, kwa rula na saa. Kazi yetu ya siku nzima mashine itaimaliza kabla ya chakula cha mchana, saa hiyo ikiwa imeshatolewa. Makoti ya madaktari na nguo za upasuaji bado zitanyooshwa kwa mkono, na mkono hauhitaji ngurumo.

Ombi la pili ni ile fomu. Bwana Msimamizi aliiacha mezani akaenda kunywa maji kwa muda mrefu kuliko kiu ya kawaida. Tukaijaza sisi. Kwenye mstari wa kumi na tatu, penye cheo, tumefuta "mpiga pasi" tukaandika "msomaji". Penye idadi ya vipande kwa siku tumeandika "kurasa ishirini na mbili". Tumetia sahihi wote kumi na wawili, na Matroni ametia ya kwake pembeni, akaongeza hatua mia mbili na ishirini kwa kila mgonjwa. Fomu iko ndani ya bahasha hii. Inakosa sahihi moja tu, nayo ni yako.

Hatukuombi umhurumie. Amesomesha chumba kizima kwa mkono mmoja. Tunaomba tu kazi anayoifanya iandikwe kwamba inafanyika, na nani anaifanya.

HITIMISHO

Kitufe cha mashine ni kile cha kijani, kushoto kwako. Kabla hujakibonyeza, tunaomba dakika nane.

Jana tuliishia pabaya. Kuna karani wa posta, katika mji mdogo wa baridi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifungua barua za watu kwa mvuke wa birika, anazisoma, anazifunga tena. Siri za mji mzima anazo. Jana asubuhi, kwenye rundo, amekutana na bahasha yenye mwandiko wa mkewe, na haiendi kwake. Ameiweka juu ya birika. Hapo kengele yetu ya kazi ikalia.

Daktari, hakuna aliyekula vizuri tangu hapo, na mama hapo kando yako tunamwona ameshavuta kiti mbele.

Tunakuombea afya, na uzee wenye macho mazima. Na macho yakichoka, usikose wa kukusomea. Mungu ailinde hospitali hii na kila anayelala juu ya mashuka yetu.

Ni sisi watu kumi na watatu wa Chumba cha Pasi.

Shangazi, kitabu hiki hapa. Njoo mbele.