Matheka Mativo na Mkutano wa Saa Kumi na Moja

Familia imesimama hapa makaburini Lang'ata leo, Ijumaa tarehe 29 Julai 1988, kuwasomea maisha ya mzee wetu Matheka Mativo, yote, pamoja na ile miaka ambayo kamati ya mazishi ilituomba tuiruke, maana mwenyewe aliagiza isirukwe, na mjane wake, Syombua, amesema atakayeiruka asiishike karatasi hii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1941 huko Mwala, Machakos, mtoto wa tatu wa mzee Mativo na mama Mbeti, akasoma nyumbani hadi darasa la nane mwaka 1957, akaja Nairobi mwaka 1959 kujifunza useremala, na kufikia mwaka 1964 alikuwa na kibanda chake Gikomba, ambako vitanda vyake vilisifiwa hadi Makadara. Tarehe 10 Desemba 1966 alifunga ndoa na Syombua katika kanisa la Mwala, wakahamia Shauri Moyo, wakajaliwa watoto watatu, Mbeti, Mativo na Nthoki.

Pombe aliianza kama wengi wetu tuliosimama hapa, glasi moja baada ya kazi, na kufikia mwaka 1973 ilikuwa imemtia mfukoni, asubuhi hawezi kushika randa kabla ya kupitia Mathare kupata chang'aa. Mwezi Aprili 1979 alitengeneza jeneza la jirani yetu mzee Naftaly akiwa amelewa chakari, akakosea vipimo, likawa fupi, na waombolezaji wakasimama juani saa tatu nzima wakimngoja apasue mbao nyingine. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma. Kesho yake alimwambia Syombua kwamba anataka kuacha, ila peke yake hawezi.

Basi akaanza kutafuta pa kwenda. Kanisani walimpokea, lakini wakawa wanamsimamisha mbele kila Jumapili aungame, mpaka mtaa ukamjua kwa dhambi zake kuliko kwa jina lake. Upande wa Westlands alipata kikundi cha watu walioacha pombe, kilichokutana Jumamosi asubuhi, watu wema waliompa kiti na chai, ila walizungumza Kiingereza, naye Kiingereza alikijua cha kupokea oda ya vitanda, si cha kusema yaliyo moyoni. Watu wa kwao walikuwa na chama, lakini walikutania baa, yeye akiwekewa soda katikati ya chupa zao huku wakimwita mke wa mchungaji. Mara tatu alirudia kunywa, na mara hiyo ya tatu ndipo akaona kosa liko wapi, kwamba mikutano yote ilikuwa saa ambazo mlevi hana shida, ilhali kiu ilimjia saa kumi na moja jioni, mabaa yakifunguliwa, na ikamzidi Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Ijumaa tarehe 6 Machi 1981, saa kumi na moja kamili, aliweka msumeno chini, akapanga mabenchi kibandani, akaketi na Nalianya wa mkokoteni na Lydiah Nduta wa mitumba, wakazungumza Kiswahili chao cha Gikomba mpaka kiu ikapita, na kuanzia hapo wakawa wanakutana kila siku ya kazi.

Oktoba 1982, miezi miwili baada ya fujo za wanajeshi za Agosti, mji ukiwa bado na wasiwasi, afisa mmoja aliingia na askari wake, akahesabu watu, akauliza, "Watu kumi na moja, na hakuna hata chupa moja? Nyinyi mnapanga nini hapa?" Marehemu akamjibu, "Andika tu, afande. Sisi ni walevi." Afisa akamshauri aweke chupa mbili tatu mezani ili waonekane watu wa kawaida, akakataa katakata, akakaa selo siku mbili. Alipotoka wakajiandikisha kama chama cha kuzikana, kwa kuwa hicho hakimpi mkubwa yeyote wasiwasi, na jioni hiyo hiyo walikuwa mabenchini.

Mei 1987 ini lilianza kumsumbua, madaktari wakaeleza kwamba ni madhara ya miaka ile, na Jumamosi tarehe 23 Julai 1988, saa tatu asubuhi, akafariki mkewe akiwa amemshika mkono. Mnaonong'ona huko nyuma kwamba pombe imemmaliza, msipate taabu ya kunong'ona, ini pombe ilikwisha kulila zamani, lakini mwenyewe haikumpata tena, amekufa na miaka saba na miezi minne bila tone.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Shauri Moyo, mafundi wenzake wa Gikomba, na jamaa waliotoka Mwala, ambao tunajua wamekasirika kwamba hatukumpeleka nyumbani. Jamani, leo ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na marehemu alisema akizikwa Mwala siku kama hii, wenzake ishirini na watatu watakuwa barabarani saa kumi na moja, na huzuni kifuani, na baa kila kituo. Kwa hiyo tutamzika sasa, tutanawa mikono, na kibanda kitafunguliwa kama kawaida, na aliye na kiu hapa, hata kama ni wa kamati, aje, atapata kiti. Pumzika, Matheka, kwa amani uliyoipigania.