Blanketi la Nguo za Sara

Asubuhi ya Alhamisi, mwaka wa pili tangu Manyara iwe mkoa, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukalala juu ya Endasak, hata benchi la mbele ya kibanda cha fundi Agustino likaonekana kama linaelea. Waliokaa ni walewale: Hhando, aliyeitwa Redio kwa kuwa hazimiki, Nicodemo, aliyeitwa Mkoa Mpya kwa kuwa kila jambo kwake lilitokana na mkoa, na mzee Gidahosh, mfugaji wa Dirma, aliyekuja siku moja kuuza ndama akanogewa na kahawa ya Marieta, aliyeiuza hapo benchini. Agustino hakunywa. Magotini alipakata mfuko wa nguo za Sara, aliyefariki wakati wa masika akaacha kichanga. Mama wa marehemu, Imakulata, alitaka nguo hizo ziwe blanketi la viraka, mtoto afunikwe nalo Jumapili akibatizwa.

— Kwa mkono ni wiki mbili, Agustino alisema. Nakata kiraka kimoja kimoja kwa kufuata kadibodi, naunga na sindano. Ndivyo alivyonifundisha mama.

— Ya nini kujitesa? Mkoa Mpya akauliza. Babati nimeona. Unachana nguo mikanda mirefu, unaiunga kwa cherehani, halafu unakata kwa kukingama. Viraka vinatoka vimeshashikana. Kesho jioni umemaliza.

Agustino aliijua njia hiyo. Alishaitumia kwa mapazia, na haikumwangusha. Lakini mkono wake ulikuwa umegusa gauni la buluu, alilolishona yeye mwenyewe wakati Sara alipopata kipaimara. Akamwona tena, msichana wa miaka kumi na minne, akijizungusha hapo kibandani ili pindo lipepee.

— Bandu bandu huisha gogo, Redio akasema. Ukikata kidogo kidogo, nguo zitaisha kabla ya blanketi.

— Hiyo methali si ya nguo.

— Gogo ni gogo, fundi. Tena nasikia Arusha kuna mashine, unamwaga robota la mitumba upande huu, upande ule yanatoka mablanketi yamekunjwa.

— Na sisi tutaletewa, Mkoa Mpya akasema. Si tumeshapata mkoa?

Mzee Gidahosh alimeza kahawa yake polepole.

— Ninyi mnahesabu siku tu. Ndoto hamjaiuliza. Ndoto inafuata mshono kama ng'ombe anavyofuata njia. Mshono ukinyooka, ndoto inapita mbio, mtoto anaamka. Viraka vya mkono vina kona. Ndoto inaingia, inazunguka, inalala humo.

— Ndiyo maana nikijifunika shuka la dukani naota nakimbia, Redio akasema.

Ukungu ulipita kati yao.

— Nitachana, Agustino akasema mwishowe. Jumapili haisubiri.

Akashika pindo la gauni la buluu. Hapo Imakulata akatokea ukunguni, mjukuu amelala kifuani.

— Shikamoo mzee, akamwamkia Gidahosh.

— Marahaba, mama.

Wengine nao wakamwamkia, na Mkoa Mpya akamweleza njia zote mbili. Imakulata alisikiliza hadi mwisho.

— Mimi sijui cherehani, akasema. Kiraka kipi kitamgusa shavuni?

Marieta akainamisha birika. Yakatoka machicha tu.

Agustino akaweka mkasi chini.

— Chagua wewe, Mama Sara.

Gauni la buluu alilipita. Akatoa blauzi kuukuu ya njano, iliyofifia, yenye doa la maziwa kifuani.

— Hii alimnyonyeshea.

Agustino akaweka kadibodi juu ya doa lile, akakata kiraka kimoja, akakihifadhi mfukoni mwa shati ili akiunge kwa sindano. Zilizobaki akaanza kuzichana mikanda.

Jumapili maji yalipomgusa, mtoto alilia. Bibi yake akamgeuzia blanketi upande wa kiraka cha njano. Mtoto akageuza uso, akaitafuta ile kona kwa mdomo, akaanza kuinyonya.