Songa: Maisha ya Mzee Zefania Kipngetich, Mpiga Besi

Wachungaji wetu, jamaa, majirani, na ninyi wageni wetu mliovaa nyeusi kuanzia viatu hadi kucha, mimi ni Kiprotich, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake bila kuongeza chumvi, kazi ambayo si rahisi, maana chumvi aliitia mwenyewe.

Marehemu Zefania Kipngetich alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Cheborge, Kericho, mtoto wa tatu wa wazazi wetu, akasoma shule ya msingi pale pale nyumbani, kisha sekondari Kericho mjini, ambako alijifunza hesabu hadharani na gitaa kwa kujificha, na mnamo Agosti 1982 akasafiri hadi College Park, Maryland, kusomea uhandisi, akiwa na koti jeusi ambalo muuza mitumba alimwapia baba kwamba linatosha baridi yoyote duniani. Halikutosha hata baridi ya Oktoba.

Huko chuoni alipanga chumba cha chini ya nyumba pamoja na vijana watatu Wamarekani waliojipaka poda nyeupe usoni na kupiga muziki katika bendi iitwayo The Cold Pantry, yaani stoo baridi ya chakula, nao walipokosa mpiga besi wakamchukua yeye, kwa kuwa alikuwa mrefu, mnyamavu, na koti tayari analo. Ukweli usemwe, wapendwa, muziki wao ulikuwa na huzuni kuliko siku ya leo.

Wakati huo dada mmoja Mtanzania, Bi. Mwatumu, ambaye ameketi pale mstari wa pili, alimwonea huruma kwa jinsi alivyokonda, akaja kumfundisha kupika ugali, na balaa likaanzia hapo, kwani maji yalipochemka na unga kutiwa, Mwatumu alimwambia asonge, naye kwa Kiswahili chetu cha Kenya akaelewa kwamba anaambiwa apishe, akarudi nyuma, akaambiwa asonge kwa nguvu, akarudi tena, hadi akagonga mlango kwa mgongo na ugali ukaungua. Tangu hapo aliyakariri maagizo yale asije akaaibika tena: maji yamechemka, tia unga, songa, songa, funika. Sasa siku ya kurekodi, mwimbaji wa bendi akakaukwa na sauti, marehemu akasukumwa mbele ya maikrofoni, akaimba kitu pekee alichokuwa nacho kichwani, kwa sauti nzito ya mtu mwenye njaa, na santuri ikatoka mwaka 1985, ikanunuliwa na watu wa kuhesabika, na bendi ikavunjika.

Alihitimu mwaka 1987, akaajiriwa katika kiwanda cha milango ya vioo huko Manassas, Virginia, alikofanya kazi mpaka alipostaafu, na tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na Violet Chepkirui, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, Audrey na Ethan, akawa mzee wa kanisa, na habari za besi hakuzigusia kamwe. Lakini mwaka 2022, Bwana Wayne, mwenye duka la santuri kule Shaw, aliikuta santuri ile ndani ya boksi, akaitoa upya, ikapendwa mpaka Ujerumani, akamtafuta mwimbaji hadi mlangoni kwake, na Mama Audrey alipofungua na kumwona na koti refu jeusi, poda usoni na wanja machoni, alidhani ni mtu wa mazishi, akamwambia kwa heshima kwamba humu hajafa mtu, labda aulize kwa jirani.

Kumbe wapenzi wa bendi waliamini Songa ni jina la mungu wa wafu, wengine, Bwana Wayne akiwemo, wakajichora neno hilo shingoni, na walipomuuliza marehemu maana yake, aliwajibu kwamba alifundishwa na mwanamke mmoja katika baridi yake ya kwanza, jambo ambalo ni kweli tupu. Mama Audrey, kwa upande wake, alisikia ngurumo zile mara moja tu akaihamishia santuri gereji, na mumewe alipojitetea kwamba ni habari ya ugali, alimwambia asimfanye mtoto.

Marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo Machi 2024, akawa anasafishwa damu, akatutoka tarehe 6 Februari mwaka huu akiwa ameshikwa mkono na mke wake, ambaye marehemu alikuwa amemwomba jambo moja, kwamba siku ya kumzika wimbo ule uimbwe. Mama hakuitikia, na jambo hilo limemchoma siku zote hizi, akiogopa kumsindikiza mume wake kwa maneno ya shetani, na akiogopa vilevile kumzika amemnyima ombi lake la mwisho.

Jana mchana Bwana Wayne alifika nyumbani kutupa pole, akaomba kazi, tukamtupa jikoni, na Mama Audrey alipokuwa akimimina unga kwenye sufuria, alimsikia kijana yule nyuma yake akinong'ona, kichwa ameinamisha, kwamba maji yamechemka, tia unga, songa, songa, funika. Mama alimwambia arudie. Akarudia. Jamani, mama alicheka hadi akaketi juu ya gunia la unga, kisha kicheko kikageuka kilio, akisema kwamba Zefania alimwambia ukweli na yeye akamwita mwongo. Halafu akainuka, akampa Wayne mwiko, akamwonyesha kusonga ni nini, na mtu mzima akaielewa shingo yake kwa mara ya kwanza, akaiva uso mzima chini ya poda, lakini akausonga, na mlioula ni mashahidi, haukuwa na madonge.

Kwa hiyo wimbo utaimbwa kaburini, mama ameruhusu, na mchungaji ametuthibitishia kwamba hakuna andiko lolote linalopinga unga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Manassas waliotulisha juma zima, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, Bi. Mwatumu kwa somo lake, na ninyi wa nguo nyeusi, ambao naomba msonge kidogo, kwa maana ya Kenya, wazee waliosimama wapate kukaa.

Zefania, kaka yangu, Chepkirui amesema nikwambie kwamba anakuamini. Songa basi, taratibu, safari hii mlango uko wazi, upumzike kwa amani.