Gari Jeupe Nyuma ya Geti: Risala ya Darasa la Jioni

Mgeni rasmi, Wakili Nirupam Sanyal, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wenzetu wa darasa la mchana, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Bwana Vishwakarma, mungu wa zana na fundi wa mafundi, aliyetufikisha tena kwenye sikukuu yake. Zana zote za chuo zimelala mbele ya sanamu yake, zimepakwa rangi nyekundu na kuvishwa maua, na leo hakuna mkono utakaozigusa. Vishada vinapaa juu ya paa. Karibu sana Nabagram. Chai tumeiandaa sisi. Viti tumeazimwa na darasa la mchana.

HISTORIA YETU

Darasa la jioni la Umeme wa Magari lina miaka minne. Tuko kumi na tisa: wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, waendesha riksho, muuza chai mmoja, kinyozi mmoja ambaye ndiye anayekusomea, na Shefali Karmakar, mjane wa dereva wa teksi, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. Sote tunamwita mama mdogo. Kila jioni, kabla ya kufungua daftari, huligusisha kwenye paji la uso na kuomba kwa sauti, "Baba, nimechelewa kuja, usiniache nje."

Sisi tunajifunzia ubao. Umepigiliwa taa mbili, swichi, fyuzi na betri ya pikipiki. Darasa la mchana wana injini tatu, kompyuta ya kupimia magari na, tangu mwaka jana, gari zima.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mafanikio yetu ni jambo moja, nawe ulikuwapo, ingawa hukuliona.

Mwaka jana siku kama ya leo ulikuja na gari lako jeupe, lile la marehemu baba yako, lenye mapazia. Ulipokuwa ndani ukinywa chai, dereva wako alitaka kulisogeza kivulini. Likatoa "tak" moja, kisha kimya. Vijana wa mchana walikuja mbio na kompyuta yao, wakazunguka gari lote wakitafuta tundu la kuichomeka. Gari la miaka arobaini, tundu litoke wapi?

Mama Shefali akasogea. Kijana mmoja, Tanmoy, akamwambia, "Mama mdogo, kakaange samaki. Hapa pana kazi."

"Samaki nimekaanga asubuhi, mwanangu. Sogea." Akamgeukia dereva. "Kaka, washa taa kubwa, kisha piga stata."

Taa zilififia karibu kuzimika. Wengine wakasema betri, wengine stata. Yeye akasema, "Piga tena kidogo. Basi, acha." Kisha akapapasa kwa kiganja kila mahali waya mnene ulipofungwa, kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa. Betri ilikuwa ya baridi. Alipofika mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, aliondoa mkono haraka.

"Ni hapa. Umeme ukibanwa mlangoni hupandisha joto."

Nati ilikuwa imelegea, na chini yake kulikuwa na kutu ya kijani. Spana zilikuwa zimelala kwa Bwana, kwa hiyo aliifungua kwa vidole. Akausugua waya kwa ukwaju uliobaki tulipong'arisha taa za ibada, akausuuza, akaukausha kwa ncha ya sari yake, akaikaza nati kwa vidole. Dereva akapiga stata mara moja tu. Gari likaunguruma.

Mama Shefali akaenda bombani kunawa. Wakati huohuo ukatoka ndani, mgeni rasmi, ukawakuta vijana wenye sare wamezunguka boneti iliyo wazi. Ukawavisha mashada, mkapiga picha. Wiki iliyofuata ikaja barua yako: "Gari hili nalitoa liwe la wanafunzi walioliwasha." Hatusemi wenzetu walidanganya. Hawakuulizwa, nao hawakusema.

CHANGAMOTO

Gari linakaa kwenye banda la mchana. Saa kumi na moja jioni, sisi tukiingia, geti lake limeshafungwa. Mtihani wa serikali unamtaka kila mtu awashe gari bovu lililo mbele yake. Mwaka huu tulikwenda kumi na wanne, wakafaulu watatu. Mama Shefali alijibu maswali yote ya karatasi, lakini mbele ya gari alipapasa nyaya asizozizoea hadi muda ukaisha. Amebakiwa na nafasi moja tu, mwezi wa Desemba.

Changamoto nyingine imo ndani yetu, na ni mama mdogo aliyesema lazima isomwe leo mbele ya Bwana, la sivyo yeye haji.

Tuna wivu. Tunalichungulia lile gari kwenye matundu ya geti kama mtu anavyomchungulia mke mwenza akivaa dhahabu iliyokuwa yake. Na nati ile, mgeni rasmi, ilikazwa kwa vidole. Mama Shefali alikusudia kumtafuta dereva wako ili ikazwe kwa spana. Barua yako ilipofika, akanyamaza. Sote kumi na tisa tulijua, tukanyamaza. Mwaka mzima, tukifika mapema, tumelisikia likisema "tak." Wenzetu wamebadilisha betri mara mbili na stata mara moja, na kila mara sisi tulicheka chini chini. Mmoja wetu, anayesoma hapa, aliomba kwa Mungu lisiwake kabisa. Leo asubuhi wamelisukuma kwa mikono hadi hapo nyuma ya geti ili ulione limesimama vizuri.

Tanmoy na wenzako, tunaomba radhi. Stata ile ya zamani haikuwa na kosa.

MAOMBI

Tunaomba ufunguo wa geti jioni mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, hadi Desemba. Hatuombi wenzetu wanyang'anywe gari. Tulitamani hivyo, sasa tunaomba tu kuligusa.

Tulikuwa na ombi la pili, la ubao mpya. Mama mdogo amelifuta.

Ombi la mwisho ni la leo hii. Spana hazitaamka hadi kesho, lakini mikono haikukatazwa. Ukwaju upo kwenye bakuli. Mama Shefali hayupo kwenye viti, mgeni rasmi. Amesimama getini tangu tulipoanza kusoma, na amekwisha kunawa. Tunaomba umfungulie.

Fundi wa mafundi akulinde barabarani, aibariki nyumba yako, na asimwache nje yeyote aliyechelewa kuja.

Ni sisi,
Wanafunzi kumi na tisa wa Darasa la Jioni, Umeme wa Magari, Nabagram.
Imesomwa kwa niaba yao na Haradhan Pramanik, kinyozi.