Jeltsje Hylkema na Kuku wa Manjano wa Skerwerd

Ndugu waombolezaji, majirani wa Skerwerd na wageni mliotoka mbali, habari za kuzaliwa kwa marehemu zilisimuliwa kwanza na mkunga Baukje Andela, mwaka 1958, jikoni kwa bibi yetu, na aliyezisikia na kunikabidhi ni mama yangu mzazi, mdogo wa marehemu, ambaye alinitaka nisiongeze wala nisipunguze. Mimi ni Froukje, na kwangu marehemu ni mama mkubwa.

Jeltsje Hylkema alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, katika shamba la baba yake hapa Skerwerd, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu, akifuatiwa na Wiebren na kisha mama yangu. Baukje alisema kwamba alipofika alikuta kuku anaatamia kikapuni kando ya jiko, akaomba kikapu kitolewe, bibi akakataa katikati ya uchungu, kwa kuwa mayai yalikaribia kuanguliwa na nje kulikuwa na barafu, hivyo marehemu alizaliwa mbele ya kuku yule, na kila mama alifanya kazi yake bila kumsumbua mwenzake. Kuku huyo alikuwa wa ukoo wa kuku wa manjano wa Kifrisia, yaani wa mkoa wetu huu, wenye vidoa vyeupe mfano wa mbegu, ambao bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa. Shamba na ng'ombe vilimwendea mtoto wa kiume, kuku walimwendea binti mkubwa, ndivyo ilivyokuwa kwetu, na hakuna aliyelalamika wakati huo.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1947 hadi 1953, kisha shule ya ufundi wa nyumbani mjini Franeker hadi 1957, akaajiriwa katika kiwanda cha maziwa, kitengo cha kupima mafuta ya maziwa, na baada ya kiwanda kufungwa mwaka 1971 alitunza maktaba ya kijiji hadi alipostaafu mwaka 2003. Tarehe 14 Mei 1965 alifunga ndoa na Foppe Sinnema, seremala, wakajaliwa watoto wawili, Ids, aliyezaliwa 1967, na Tryntsje, aliyezaliwa tarehe 15 Februari 1979.

Hapa marehemu aliniagiza nisome taratibu na nisishushe sauti.

Januari ya mwaka huo wa 1979 alilazwa Leeuwarden kwa ajili ya mimba ya Tryntsje, Foppe akiwa kazini Harlingen, na kuku wakaachwa mikononi mwa mdogo wake, Wiebren, ambaye alielekezwa kila kitu. Wafugaji mliopo mnajua kwamba kuku aliyetoka maonyeshoni harudi kwa wenzake siku hiyo, anatengwa mwezi mzima katika banda lake, na mlangoni pa banda hilo vinawekwa viatu vya mti visivyokanyaga penginepo, kwa sababu ugonjwa hausafiri kwa mabawa tu, unasafiri kwa nyayo pia. Wiebren alimchukua jogoo mkubwa wa dada yake bila kumwuliza, akampeleka maonyesho ya mkoa kwa jina lake mwenyewe, akashinda, akamrudisha jioni ile ile na kumweka juu ya kijiti cha kulalia katikati ya matetea, ili asionekane kuwa aliondoka.

Kuku wakaanza kupiga chafya, kisha macho yakavimba, na mganga wa mifugo hakuitwa, maana angeuliza jogoo alikuwa wapi. Marehemu alirudi na kichanga mikononi, theluji ikiwa imefika madirishani, akakuta banda tupu, limefagiwa na kupakwa chokaa. Wiebren akamwambia ni mbweha. Marehemu alitazama mlango usio na mkwaruzo na sakafu isiyo na unyoya hata mmoja, akasema, na Foppe alisikia, "Mbweha msafi huyu, mdogo wangu. Amekula, amefagia, akapaka na chokaa."

Wiki iliyofuata Baukje alikuja kumwona mtoto, akampongeza marehemu kwa ushindi wa jogoo wake, akishangaa tu kwa nini kwenye kizimba liliandikwa jina la Wiebren. Na baadaye ikajulikana kwamba Wiebren alikuwa ameweka mayai ya kuku hao kwenye mashine yake ya kutotolea kabla hawajafa, akapata vifaranga, na kwa vifaranga hao akajulikana mkoa mzima kama mtu aliyeokoa kuku wa manjano, akawa mwenyekiti wa chama cha wafugaji, na katika hotuba zake zote jina la dada yake halikutajwa.

Ambacho Wiebren hakukijua ni kwamba vuli iliyotangulia marehemu alikuwa amemwazima Baukje tetea mmoja mwenye tabia ya kuatamia pamoja na jogoo kijana, nao walikuwa salama. Kwa hao wawili alianza upya, kimya kimya, na kila baada ya miaka michache aliingiza damu mpya kutoka kwa wafugaji wa mbali, akichagua kwa makini hadi rangi ikarudi. Majirani aliwafundisha bila uchoyo, mlikuja na kuku kwapani akawaonyesha kwamba utitiri hukaa kwenye nyufa za kijiti cha kulalia na si mwilini, hivyo mafuta yapakwe kwenye ncha za kijiti, kwamba majivu ya kuni na mchanga mkavu vinatosha kumwogesha kuku, kwamba kwenye barafu maji ya vuguvugu yatangulie nafaka. Mtu mmoja tu hakufundishwa.

Wiebren alijivunia ukoo safi, hakutaka damu ya nje, akawa anazalisha jogoo na binti zake mwenyewe, kisha na wajukuu zake, mpaka mayai yakawa hayana mbegu na vifaranga wachache waliotoka walikuwa na vidole vilivyopinda. Marehemu aliyaona yote hayo juu ya ua wa miti uliotenganisha nyumba zao, miaka na miaka, akaendelea kulisha kuku wake. Masika ya mwaka 2011 Wiebren alikuja kuomba jogoo, akamiminiwa kahawa na kukatiwa keki, akaambiwa, "Simama kwenye mkutano wa chama useme ya mwaka ule wa theluji, na jogoo utamkuta kikapuni mlangoni kwako." Akajibu, "Dada, hayo ni mambo ya zamani." Marehemu akasema, "Na kuku nao ni wa zamani. Kunywa kahawa, inapoa." Alikuja kila masika, akanywa kahawa kila masika, na kila mara alirudi mikono mitupu kwa hiari yake mwenyewe.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2019, akalazwa Novemba iliyopita, akaomba kurudishwa nyumbani, na alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024, akiwa na miaka themanini na miwili. Juzi, jeneza likiwa bado sebuleni, Wiebren alimwuliza Ids kuhusu jogoo, akasema amebakiwa na matetea watatu wazee, naye Ids akamjibu, "Jibu utalipata kanisani, mjomba."

Jibu ni hili. Kuku wote waliondoka Jumanne ya tarehe 23 Januari, marehemu akiwatazama kutoka kitandani, na wako kwa mfugaji mmoja mkoani Groningen, ndiyo, Groningen, kwa watu tuliowacheka tangu utotoni, na watabaki huko. Maneno ya marehemu yalikuwa haya: "Mjomba wenu asipewe hata yai la kukaanga."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Leeuwarden, muuguzi wa kijiji aliyekuja kila asubuhi, majirani waliobeba jeneza, na wenzake wa maktaba.

Baukje alifariki mwaka 1988, Foppe mwaka 2009, mama yangu mwaka 2016. Wewe pumzika sasa, mama mkubwa. Mjomba Wiebren yu hai, ameketi safu ya pili, na amesikia.